Kodi ya ngazi, ya kiwango kimoja au ya dukani: ipi inapunguza pengo la kipato?

Chukua watu watatu wa Mombasa, kila mmoja akibakiwa na shilingi 100,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Wa kwanza ameajiriwa. Wa pili ana vyumba vya kupangisha Kisauni. Wa tatu ana duka la rejareja ambalo kila likiuza bidhaa za shilingi 100, faida ni shilingi 8.

Kwa viwango vya Kenya vya mwaka 2024, mwajiriwa alikatwa kodi ya mapato ya shilingi 22,383, na ilipungua kidogo tu baada ya kuondoa akiba ya uzeeni. Mwenye vyumba alilipa 7.5% ya pango alilokusanya, yaani 7,500. Mwenye duka, ili apate faida hiyo, alilazimika kuuza bidhaa za shilingi milioni 15 kwa mwaka, na kodi ya mauzo ghafi, inayokatwa kwenye mauzo yote na si kwenye faida, ilikuwa 3%. Hiyo ni shilingi 450,000 kwa mwaka, au 37,500 kila mwezi.

Kipato ni kilekile kwa wote watatu, lakini kodi ya mwenye duka ni mara tano ya kodi ya mwenye vyumba.

Nimeanzia hapa kwa sababu mjadala wetu wa pengo kati ya walionacho na wasionacho huishia mapema mno. Ukiuliza barazani kama tajiri alipe asilimia kubwa kuliko maskini, karibu kila mtu atakubali. Serikali itapandisha kiwango cha juu cha kodi ya mshahara, magazeti yataandika kwamba matajiri wamebanwa, na mama mwenye duka atabaki na 37,500 zake za kulipa. Kazi yangu ni kuandaa hesabu za mishahara, na kwa miaka nimeona watu werevu wakibishania asilimia bila kuuliza asilimia hiyo inakatwa kwenye nini.

Kila mwaka Bunge la Kenya huwaita wananchi watoe maoni kuhusu Mswada wa Fedha, na Tanzania bajeti husomwa mwezi Juni. Kama unataka kutoa maoni yako, au kumpima mgombea anayeahidi kodi ya haki, njia za kuchagua ni hizi.

Kodi ya ngazi

Katika kodi hii kipato hukatwa vipande. Kipande cha chini hutozwa kidogo au hakitozwi, na kila unapopanda, kipande kinachofuata hutozwa zaidi. Kwa mfanyakazi wa Tanzania, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni 8%, hadi 760,000 ni 20%, hadi milioni 1 ni 25%, na kila kinachozidi milioni 1 ni 30%.

Hebu tuiweke kando ya kodi ya kiwango kimoja ya kubuni, 20% kwa kila kinachozidi 270,000 hizo hizo:

| Mshahara kwa mwezi (TSh) | Kodi ya ngazi | Kiwango kimoja cha 20% |
|---|---|---|
| 270,000 | 0 | 0 |
| 500,000 | 18,400 | 46,000 |
| 1,000,000 | 128,000 | 146,000 |
| 5,000,000 | 1,328,000 | 946,000 |

Wa laki tano anaongezewa 27,600, ambazo ni mchele wa nyumba yake wa siku nyingi. Wa milioni tano anapunguziwa 382,000. Anayesema kiwango kimoja ni haki kwa sababu kila mtu anakatwa sawa aiangalie safu hizo mbili kwanza.

Kuna uvumi mmoja ambao nimeukanusha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwamba ukipandishwa mshahara ukaingia kidato cha juu, yaani kipande kinachotozwa zaidi, utarudi nyumbani na pesa pungufu. Si kweli. Wa milioni 1 akiongezwa 50,000, ni hizo 50,000 tu zinazokatwa 30%. Kodi yake inaongezeka kwa 15,000, naye anabaki na 35,000 zaidi. Nimewaona watu wakiogopa nyongeza kwa sababu ya uvumi huu, na inaniuma.

Udhaifu wa kodi ya ngazi uko kwingine. Wa kwanza ni urefu wa vidato vyenyewe. Kenya, kuanzia Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa 10%, ambayo hufutwa na nafuu ya 2,400 kwa mwezi. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa 25%. Baada ya hapo ni 30% moja kwa moja hadi 500,000, halafu 32.5%, na 35% kwa kinachozidi 800,000. Vidato vya chini vimebanana, kisha kuna sakafu ndefu ambapo mwalimu wa 40,000 na meneja wa 480,000 wanakanyaga asilimia ileile. Kile kizingiti cha 24,000 kiliwekwa Aprili 2020, na bei za sokoni hazijakaa zilipokuwa mwaka huo. Kizingiti kisiposogea, kila nyongeza inayofuata bei za bidhaa inamsukuma mtu wa chini kwenye kodi bila Bunge kubadilisha hata herufi moja.

Wa pili ndio mkubwa zaidi. Ngazi hii kwa sehemu kubwa imesimikwa kwenye hati ya mshahara. Zaidi ya 80% ya ajira za Kenya ziko nje ya sekta rasmi, kwa jua kali, vibandani na kwenye bodaboda, na walio matajiri kweli hawaishi kwa mshahara. Wanaishi kwa pango, hisa, ardhi inayopanda bei na kampuni. Tanzania mwenye kupangisha hukatwa zuio la 10% ya pango, na gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, la kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa 5%. Mtetezi wa hisa atasema kampuni imeshalipa 30% ya faida yake kabla ya gawio kutoka, na hoja hiyo ina uzito. Mwenye nyumba hana hoja ya namna hiyo. Anachoweza kusema ni kwamba anatozwa kwenye pango lote bila kuondoa gharama za ukarabati na riba ya mkopo. Ni kweli, na mwenye mkopo mkubwa huumia. Lakini aliyemaliza mkopo wake zamani na kupokea shilingi milioni 1 ya Kenya kwa mwezi alilipa 75,000, wakati mwajiriwa wa milioni 1 alikatwa takriban 309,900.

(Lugha yetu yenyewe ina neno moja kwa mambo haya mawili. Kodi ni ile anayodai mwenye nyumba, na kodi ni ile inayodaiwa na serikali. Mpangaji huzilipa zote mbili.)

Kiwango kimoja, na kwa nini nisikidharau

Tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa. Kuna kiasi kimoja kwa kila kichwa, na kuna asilimia ileile kwa kila kipato.

Kiasi kimoja tunakijua kwa damu. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba Tanganyika mwaka 1898, rupia 3, na lengo mojawapo lilikuwa kuwalazimisha watu watoke mashambani kwao wakafanye kazi za mzungu. Ikafuata kodi ya kichwa ya Waingereza. Baada ya uhuru ilirudi kwa majina mengine, na Tanzania kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003 tu. Wazee wa vijijini bado wanasimulia jinsi wanaume walivyolala porini siku za msako kwa kukosa risiti. Kiasi kimoja kwa tajiri na maskini hakina utetezi wowote ninaoujua.

Hata hivyo kimerudi kwa mlango wa nyuma. Kodi ya majengo Tanzania tangu 2021 inakatwa kwenye luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Tangu 2023 nyumba ya kawaida ya chini hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi, na ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Nyumba ya chini ya Masaki yenye bustani na bwawa na nyumba ya chini ya Mbagala yenye vyumba viwili zinalipa 1,500 ileile. Na kwa kuwa ni luku, mara nyingi anayeilipa ni mpangaji.

Asilimia ileile kwa wote ni habari nyingine. Zamani mchango wa bima ya afya Kenya, NHIF, ulikuwa na madaraja. Wa shilingi 20,000 alilipa 750, na wa 100,000 alilipa 1,700, lakini 1,700 hiyo ndiyo ilikuwa dari. Wa milioni 1 naye alilipa 1,700. Oktoba 2024 ulikuja mchango mpya wa 2.75% bila dari. Wa 20,000 akashuka hadi 550, wa 100,000 akapanda hadi 2,750, na wa milioni 1 akafika 27,500. Sizungumzii hapa huduma anazopata mgonjwa akifika hospitali, hilo lina malalamiko yake. Nazungumzia mkato tu. Mfumo uliokuwa na sura ya ngazi ulikuwa unamlinda tajiri, na wa kiwango kimoja ukamfikia. Ndiyo maana naangalia sakafu ya kodi, yaani kipato inakoanzia, na dari yake kabla ya kuangalia jina lake.

Nchi za nje zilizochagua kiwango kimoja kwa kodi ya mapato hazikubaki nacho zote. Urusi ilianza 13% mwaka 2001, ikaongeza kidato mwaka 2021, na 2025 ikaweka vidato vitano hadi 22%. Slovakia ilianza 19% mwaka 2004 na kukiacha 2013. Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, haikuwa na kodi ya mapato ya mtu binafsi kabisa. Juni 2025 ilitangaza 5% itakayoanza Januari 2028, kwa anayepata zaidi ya rial 42,000 kwa mwaka. Kwa jina ni kiwango kimoja, lakini sakafu yake iko juu sana kiasi kwamba fundi, dereva na mwalimu hawaguswi.

Kodi ya dukani na ya kwenye simu

Hii ndiyo kodi inayolipwa na kila mtu bila kuiona: kodi ya ongezeko la thamani, 16% Kenya na 18% Tanzania Bara. Serikali huipenda kwa sababu haikwepeki kirahisi. Yule mwenye vyumba aliyelipa 7.5% naye atailipa akinunua televisheni.

Lakini tuipige hesabu. Mwenye kipato cha shilingi 20,000 za Kenya akitumia 8,000 kwa bidhaa zenye kodi hii, amelipa kama 1,103 ndani ya bei, sawa na 5.5% ya kipato chake. Mwenye 500,000 akitumia 80,000 kwa bidhaa hizo, amelipa 11,034, sawa na 2.2%. Nyingine ameweka akiba au amenunua kiwanja. Maskini hana cha kuweka, kwa hiyo karibu kila anachopata hupita dukani. Ndiyo sababu unga wa mahindi umewekwa nje ya kodi hii nchi zote mbili, na ndiyo sababu hasira ilikuwa kubwa Kenya ilipopandisha kodi hiyo kwenye mafuta kutoka 8% hadi 16% Julai 2023. Petroli ikipanda, nauli ya matatu inapanda, na nyanya iliyosafirishwa kutoka Loitokitok inapanda nayo, hata kama nyanya yenyewe haina kodi.

Tozo za miamala ni jamaa wa karibu. Tanzania ilizianza Julai 15, 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa simu, aliyetuma akikatwa na aliyetoa akikatwa. Kelele zilikuwa kubwa, zikapunguzwa kwa 30% Septemba mwaka huohuo, na tena mwaka uliofuata. Uganda ilipitia njia hiyo 2018, ikaanza na 1% na kushuka hadi 0.5%. Tozo ya muamala haimuulizi mtu ana nini. Pesa ya mtoto wa mjini kwenda kwa mama kijijini ni kipato kilichokwishatozwa mara moja, na ilitozwa tena njiani. Na ile dari ya 10,000 ilimfaa nani? Aliyetuma fedha nyingi sana.

Nisiwe mkali kupita kiasi kwa kodi ya dukani, kwa sababu Denmark, Sweden na Norway zinatoza 25% na pengo lao la kipato ni dogo. Kinachotokea huko ni kwamba fedha hiyo hurudi kwa mwananchi kama hospitali, shule na malipo ya mtoto, na aliyelipa kidogo hupokea zaidi ya alicholipa. Kodi ya dukani bila marejesho hayo ni mzigo mtupu.

Mauzo ghafi

Ile kodi ya mwenye duka iliyopanda Kenya kutoka 1% hadi 3% mwaka 2023 nitaipitia haraka, kwa sababu hesabu yake inajieleza. Chukua duka dogo linalouza milioni 3 kwa mwaka, faida ya 8%, yaani 240,000 kwa mwaka, 20,000 kwa mwezi. Kodi yake ni 90,000 kwa mwaka. Mwajiriwa wa 20,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mapato hata shilingi moja. Mwenye duka anaweza kuiandikia KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na kuomba atozwe kwa faida, lakini hapo atahitaji vitabu vya hesabu na mtu wa kuviandika. Kodi inayodai sehemu ya mauzo badala ya faida inamuumiza zaidi yule mwenye faida ndogo, na hakuna namna ya kuipamba.

Mali na urithi

Kenya ilipandisha kodi ya faida ya mauzo ya mali kama ardhi kutoka 5% hadi 15% Januari 2023, hatua ninayoiunga mkono. Lakini si Kenya wala Tanzania inayotoza kodi ya urithi, na mtu anaweza kurithi mtaa mzima wa nyumba bila kuchangia chochote kwa kuurithi. Wanaopinga wanasema matajiri watahama, na Norway ilipopandisha kodi yake ya mali 2022, baadhi yao kweli walihamia Uswisi. Lakini kiwanja cha Nyali hakihami. Kodi inayofuata ardhi na majengo, kwa thamani yake na si kwa idadi ya luku, ni ngumu kuikimbia kuliko nyingine zote nilizozitaja.

Onyo kutoka Afrika Kusini

Kabla hujachagua kodi ya ngazi na kuridhika, iangalie Afrika Kusini. Vidato vyao huanza 18% na kufika 45%. Mkate wa kahawia, unga wa mahindi, mchele na maharage hazina kodi ya ongezeko la thamani. Kwa karatasi ni mfumo mzuri kuliko wetu. Bado, kipimo cha Gini, kinachopima pengo kutoka 0 hadi 100, mwaka 2014 kiliiweka kwenye 63, moja ya pengo kubwa zaidi duniani, wakati Tanzania ya 2018 ilikuwa kama 40.5. Ardhi na mitaji iligawanywa kwa rangi kwa karne nzima, na kodi ya mshahara haiwezi kurudisha shamba lililonyang'anywa babu yako. Kinachozuia hali isiwe mbaya zaidi ni upande wa matumizi, hasa ruzuku ya mtoto iliyoanza 1998. Kwetu upande huo upo kwa kiasi: elimu bila ada Tanzania tangu 2016, na shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii kwa wazee wa Kenya.

Basi uchague nini?

Kama unalojali zaidi ni kwamba kodi isiwe na mianya na ikusanywe kwa gharama ndogo, kiwango kimoja chenye sakafu ya juu na kisicho na dari kinatosha, na usione aibu kukitetea. Kama unataka fedha nyingi haraka, hakuna inayoishinda kodi ya dukani, ila dai kwa maandishi fedha hiyo irudi wapi, na unga, mkate na nauli viachwe.

Kama unalojali ni pengo, na mimi hilo ndilo linaninyima usingizi, chagua ngazi, lakini si kwa kupandisha kidato cha juu cha mshahara peke yake. Kwanza ondoa kodi ya mauzo ghafi kwa maduka madogo na tozo za miamala midogo. Pili, pango liingie kwenye vidato vilevile vya mshahara, baada ya kuondoa gharama halali. Tatu, kizingiti cha chini kisogezwe kila mwaka kufuata bei za bidhaa. Kidato cha juu kipandishwe mwisho kabisa.

Na ukisoma mswada, tafuta dari. Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulipendekeza kodi ya gari ya 2.5% ya thamani yake, isipungue 5,000 wala kuzidi 100,000. Ilitangazwa kama kodi ya wenye magari. Gari la shilingi 150,000, ambalo mwalimu analisukuma asubuhi liwake, lingelipa 5,000, zaidi ya 3%. La milioni 4 lingelipa 2.5% kamili. La milioni 20 lingelipa 100,000, nusu ya asilimia moja. Vijana waliuona mstari huo. Waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani kwao na kuusambaza kwa simu. Juni 18 kodi ya gari na ile ya 16% kwenye mkate zikaondolewa. Wengi walidhani watarudi nyumbani. Hawakurudi, kwa sababu walikuwa wameshasoma kurasa zilizobaki. Juni 25 waliandamana tena na baadhi yao wakauawa kwa risasi jijini Nairobi, na kesho yake rais akakataa kuutia sahihi mswada wote.